Aliyewahi, Akaandikwa Hakufika

Mtu akiingia kwa Mama Pindo kushonesha, jambo la kwanza analouliza, kabla hata ya kuuliza kama gauni lake liko tayari, ni zile futi za ukutani. Ni futi tatu za kushonea, zile za kuning'iniza shingoni, zimebanwa kwa pini juu ya cherehani, moja chini ya nyingine, na hakuna mbili zinazoanzia pamoja. Wenye adabu hudhani ni mapambo. Wasio na adabu humwambia fundi wa miaka thelathini kwamba amebandika upande. Yeye huzitoa pini mdomoni moja moja, husema, "Hizo ni saa," na kurudi kwenye kitambaa chake. Hapo ndipo watu huanza kumwangalia vizuri usoni.

Lakini zilikuwa saa kweli. Kila sentimita ilikuwa saa moja, kuanzia saa moja ya asubuhi na kuendelea. Futi ya juu ilikuwa ya nchi aliko mtoto wa marehemu mdogo wake. Ya kati ilikuwa ya nchi anakoishi wakili. Ya chini ilikuwa ya hapa hapa, ya Mama Pindo na cherehani yake. Ukitaka kujua saa nne asubuhi ya mtoto ni saa ngapi hapa, unaweka kidole kwenye nne ya futi ya juu, unakiteremsha wima, unasoma namba kitakayogusa kwenye futi ya chini. Aliyeishia darasa la pili anaiweza kazi hiyo, na Mama Pindo alimaliza la saba.

Hakuzibandika kwa kupenda. Alizibandika kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki.

Mdogo wake, ndugu wa tumbo moja, alikwenda nchi ya mbali kuuguza wazee, akazaa mtoto mmoja wa kike, na baba wa mtoto akatoweka kabla mtoto hajaota meno. Halafu yule mdogo akashikwa na homa ya mapafu, na kwa siku tisa tu akawa hayupo. Mtoto alikuwa na miaka saba. Serikali ya huko ikamkabidhi kwa walezi, watu wema, hakuna aliyewasema vibaya. Mama Pindo akaandika barua kuomba apewe mtoto wake. Alisema hivyo hivyo, mtoto wangu, kwa sababu mama mkubwa ni mama, na hilo kwake halikuhitaji maelezo. Chama kimoja cha kusaidia familia kikampatia wakili wa kujitolea, kijana mwenye sauti laini anayefanya kazi zake kutoka nchi ya tatu. Maofisa wakaja kukagua nyumba, wakapima chumba, wakaona kitanda, wakaandika kwamba hapana shida. Kikabaki kikao cha mahakama ya watoto, kwa njia ya video. Mama Pindo ajitokeze, aulizwe, ajibu. Basi.

Wakati huo alikuwa akimpigia mtoto kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, ambayo kwa mtoto ilikuwa saa nne asubuhi. Miezi mitano mfululizo, saa kumi na moja, saa nne. Barua ya mahakama ilipomwambia kikao ni Jumanne, saa nne asubuhi kwa saa za huko, hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Saa nne yao aliijua kuliko jina la mume wake. Alifunga cherehani mapema, akavaa gauni la bluu, akaenda kwenye duka la kompyuta la Fundi Waya, jirani yake, na saa kumi na moja kamili akafungua kiungo alichotumiwa.

Akaona ukumbi mtupu. Viti, meza ndefu, mlango umefungwa. Akakaa. Baada ya robo saa akaomba maji. Baada ya nusu saa Fundi Waya akasema pengine wameahirisha, au mtandao wa huko umekatika. Akakaa tena kidogo, akijiona mjinga mbele ya viti vitupu, mwishowe akainuka akaenda zake, akasema watapiga simu.

Hawakupiga simu. Waliandika. Jumapili ya juzi yake, nchi ile nzima ilikuwa imerudisha saa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, na saa nne yao ilikuwa imehamia saa kumi na mbili ya hapa bila kumuaga mtu. Mama Pindo aliwahi kwa saa nzima, akaondoka kabla hawajaingia, na kwenye faili ikaandikwa: ndugu hakufika wala hakutoa taarifa.

"Saa unaisogezaje?" alimuuliza wakili kwenye simu. "Saa ni kiti?"

"Ndivyo wanavyofanya, mama. Mara mbili kwa mwaka. Sisi huku pia tunafanya."

"Na hukuniambia."

Wakili alikuwa amefika kikaoni kwa wakati, kwa sababu kompyuta ya ofisini kwake ilikuwa imemwandikia, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani saa hukaa ilipowekwa.

Lililomuuma zaidi halikuwa faili. Jumamosi iliyofuata alipiga simu, na mlezi akasema kwa upole kwamba mtoto hataki kuongea. Jumamosi ya pili, hataki. Ya tatu, Mama Pindo alimsikia mwenyewe kwa nyuma, akisema kwa Kiswahili, wazi kabisa, ili asikike: "Mwambie niko shule." Ilikuwa Jumamosi. Mama Pindo alikata simu, akakaa juu ya robota la vitambaa, akalia mpaka kichwa kikauma.

Kisha akanawa uso, akachukua futi tatu, akapanda kwenye stuli.

Miezi minne akawa mwanafunzi. Fundi Waya alimtafutia kwenye mtandao tarehe ambazo kila nchi husogeza saa, naye akaziandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya kiuno cha mke wa mchungaji na mabega ya mwalimu mkuu. Ndipo alipogundua jambo lililomfanya asimamishe cherehani. Nchi ya mtoto na nchi ya wakili, zote husogeza saa mbele mwezi wa tatu, lakini si siku moja. Ya mtoto hutangulia. Ya wakili hufuata majuma mawili baadaye. Kwa majuma hayo mawili, nchi zilizozoea kupishana kwa saa tano hupishana kwa saa nne, halafu hurudi kama kawaida, na watu husahau.

"Sasa hilo linakuhusu nini?" aliuliza Bi Vifungo, mwenzake wa chumba kimoja, anayetoboa matundu ya vifungo na kuulizia mambo ya watu kwa wakati mmoja.

"Kikao kipya ni Jumatatu," alisema Mama Pindo. "Wao wanasogeza saa Jumapili."

Bi Vifungo akahesabu kwa vidole, akapotea, akacheka. "Miezi yote hiyo hawasogezi chochote, sasa wewe ndugu yangu wanakuwekea kikao siku ya pili yake! Umelogwa."

Hakukuwa na kikao kingine baada ya hicho. Barua ilisema wazi: ndugu asipofika tena, ombi lake litafungwa, na mtoto atabaki kwa walezi moja kwa moja. Tena mtoto mwenyewe alikwisha toa maelezo kwa ofisa wa ustawi, na wakili, kwa uaminifu wake, alimsomea Mama Pindo maneno hayo bila kuyapaka sukari. Mtoto alisema hataki kwenda kwa mtu ambaye hakutaka kuja.

Alhamisi ukaja ujumbe wa wakili. "Shikamoo mama. Jumatatu tuunganishe saa kumi na mbili jioni kwa saa zako. Usiwe na wasiwasi, nitakuwepo."

Mama Pindo aliinua macho ukutani. Futi ya juu alikuwa ameshaisogeza sentimita moja kushoto, tayari kwa Jumapili. Akaweka kidole kwenye nne, akateremka. Futi ya kati ilisema nane. Futi ya chini ilisema kumi na moja. Akapiga simu hapo hapo.

"Mwanangu, umekosea kwa saa moja."

"Hapana, mama. Kikao ni saa nne kwao. Kwangu mimi ni saa tisa mchana, kwako saa kumi na mbili. Sisi na wao tunapishana saa tano, tangu nizaliwe."

"Mnapishana saa tano mwaka mzima isipokuwa majuma machache. Na kikao kimeangukia humo. Wao wanasogeza Jumapili, nyinyi bado."

Akamsikia akitabasamu, maana tabasamu nalo lina sauti. "Mama, naona umefanya utafiti. Nitaangalia. Lakini siku hiyo nina kesi nyingine tangu asubuhi mpaka saa nane unusu, na mwenzangu ofisini ndiye aliyepanga kalenda. Alikwisha andika."

"Aliandika kwa mkono au kompyuta ndiyo iliyoandika?"

"Kwa mkono, nadhani. Nitaangalia, mama."

Mama Pindo alikwenda kwa Fundi Waya akitaka mtu wa kumuunga mkono. Fundi Waya akatoa simu, akaonyesha saa ya nchi ya mtoto. Walipishana saa nane. "Saa nne na nane ni kumi na mbili. Wakili yuko sahihi, dada."

"Hiyo simu inakupa saa ya leo. Mimi nauliza ya Jumatatu."

"Simu haikosei."

"Haijakosea. Wewe ndiye unayeiuliza swali lisilo lake."

Lakini usomi wa watu unatisha, tusidanganyane. Jioni ile alirudi nyumbani moyo ukiwa mzito, akijiuliza yeye ni nani hata ambishie mwanasheria kwa sababu ya futi tatu za kushonea. Ijumaa asubuhi alizibandua zote, akazipanga upya kutoka mwanzo, akisoma tarehe kwenye daftari kwa sauti, kama anavyopima kitambaa ambacho kikikatwa vibaya hakuna kingine. Kidole kikaangukia kumi na moja. Akabandua tena. Kumi na moja. Bi Vifungo alimwangalia muda wote huo bila mzaha.

"Si uende tu saa kumi na moja ukae?" alisema mwishowe. "Kama ni saa kumi na mbili, utawangoja. Safari hii nitakuletea na chai."

"Nitakwenda saa kumi, sitaondoka hata wakizima taa. Ninayemhofia ni wakili. Bila yeye nitasema nini mbele ya jaji?"

"Utasema kama unavyonisema mimi kila siku."

Jumapili, saa nne kasorobo asubuhi, alikuwa mlangoni kwa Fundi Waya, ambaye siku hiyo hufungua kwa kunung'unika. Daftari lilisema nchi ile husogeza saa inapofika saa nane usiku kwao, na saa nane usiku yao ilikuwa saa nne asubuhi ya hapa. Wakaweka simu mezani, wakaikodolea macho. Saa saba na dakika hamsini na saba. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Fundi Waya akaacha kutafuna.

Saa tisa kamili.

"Imeruka!" alipiga kelele Fundi Waya. "Saa nane yote imekwenda wapi?"

"Wameikata," alisema Mama Pindo. "Haya, tuma ujumbe kwa wakili. Piga picha hiyo, mtumie."

Ujumbe ulikwenda. Haukufunguliwa. Jumatatu alipiga simu ofisini kwa wakili tangu walipofungua mlango, akampata yule mwenzake aliyepanga kalenda, msichana mwenye haraka. Wakili alikuwa ameshaingia kwenye kesi yake, simu zimezimwa kwa amri ya mahakama. "Akitoka nitamwambia. Lakini usijali, kikao chenu kipo kwenye kalenda, saa tisa."

"Nyosha mkono uifute hiyo tisa," alisema Mama Pindo, "uandike nane." Simu ikawa imeshakatwa.

Basi, akavaa lile gauni la bluu. Saa kumi alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, barua za ukaguzi mapajani. Ukumbi ulikuwa mtupu kama safari iliyopita, viti vile vile, mlango ule ule. Hakuomba maji. Saa kumi na moja kasoro dakika nne mlango ukafunguliwa, akaingia karani, akaingia ofisa wa ustawi, akaingia mlezi amemshika mtoto mkono. Mtoto alikuwa amerefuka. Nywele zake zilikuwa zimesukwa na mtu asiyejua kusuka lakini aliyejitahidi. Alitazama skrini mara moja, akageuza uso.

Jaji alikuwa mama mwenye miwani, mtu wa makamo. Maneno yake yalifika kwa sauti ya mkalimani, mwanamume asiyeonekana.

"Namwona mwombaji. Simwoni wakili wake."

"Wakili wangu atakuja baada ya saa moja," alisema Mama Pindo. "Alihesabu saa za zamani. Mimi niko hapa."

Jaji akafunua karatasi. Akasema ni haki ya mwombaji kuwa na wakili, na akitaka itaandikwa kwamba hakuwa tayari, lakini faili hili limesubiri kiasi cha kutosha na hawezi kuahidi tarehe nyingine.

Mama Pindo alizinyoosha barua za ukaguzi mapajani. "Niko tayari," alisema. "Niulizeni."

Wakamuuliza. Nyumba ina vyumba vingapi, shule iko mbali kiasi gani, akiugua nani atamlea mtoto. Alijibu moja moja, bila pambo, kama anavyomwambia mteja kitambaa chake kitatosha au hakitatosha. Kisha jaji akavua miwani.

"Kikao kilichopita hukuja. Kwa nini?"

"Nilikuja."

Mkalimani akasita, kana kwamba hakusikia vizuri. Mama Pindo akarudia. "Nilikuja. Nilikuja kabla yenu. Mlikuwa mmerudisha saa nyuma siku mbili kabla, na mimi sikujua, maana kwetu saa haisogezwi. Nilikaa nikiangalia hivyo viti. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikadhani mmeahirisha, nikaondoka. Hilo la kuondoka ni kosa langu, na sitalirudia mpaka nakufa. Lakini msiandike kwamba sikuja."

Jaji akamgeukia karani, akasema neno. Karani akainamia kompyuta yake. Ilichukua muda. Mama Pindo alisikia saa ya ukutani ya Fundi Waya, na Fundi Waya mwenyewe akipumua nyuma yake.

"Kumbukumbu ipo," mkalimani alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Siku ile kiungo cha mwombaji kilifunguliwa saa tatu kamili asubuhi. Kikafungwa baada ya dakika arobaini na moja."

Mtoto alikuwa ameinua uso. Alimtazama karani, akamtazama mkalimani, ambaye Mama Pindo hakuweza kumwona, halafu akaitazama skrini, moja kwa moja.

"Kumbe ulikuja," alisema.

"Nilikuja, mama."

"Dakika arobaini na moja ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakungoja upite kwenye huo mlango."

Mtoto akauangalia mlango, kama mtu anayehakikisha. Mdomo ukaanza kumchezacheza, akauuma. Jaji akauliza wanasema nini, mkalimani akamtafsiria, na jaji akamwinamia mtoto kwa upole, akamuuliza kama ana neno lolote la kuongeza kwenye maelezo aliyotoa mwezi uliopita.

"Mwambie ayafute," mtoto alimwambia mkalimani. "Niliandika kabla sijajua. Nataka kwenda kwa mama mkubwa."

Mlezi akamkumbatia. Naye alikuwa akilia, na Mama Pindo akampenda kwa ajili hiyo. Jaji aliandika kwa muda mrefu, akasoma alichoandika, na mkalimani akakigeuza neno kwa neno: mtoto akabidhiwe kwa mama yake mkubwa, asafiri shule zitakapofungwa, na kwenye kumbukumbu ya kikao kilichopita maneno "hakufika" yaondolewe. Wakati wa kutoka mtoto alirudi nyuma hatua mbili mpaka uso wake ukajaa skrini yote. "Jumamosi nipigie," alisema, na akatoka mbio.

Ukumbi ukabaki mtupu. Mama Pindo hakuinuka. Alilia kwa sauti, bila aibu, hata Bi Vifungo, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, akalazimika kuiweka chini. Fundi Waya alijifanya anatengeneza kitu chenye waya.

Saa kumi na mbili kamili uso wa wakili ukatokea kwenye skrini, shati limenyooshwa, tai imekaa sawa, mafaili mkononi.

"Shikamoo, mama! Umeona? Tumewahi, hata wao hawajaingia. Sasa wewe tulia, usihangaike na kitu. Niachie mimi niongee."

Mama Pindo akajifuta macho kwa upindo wa gauni la bluu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nimeshaongea. Mtoto anakuja."